Breki za Pikapu ya Zamani: Anzia Nyuma Kabla ya Kununua Diski Kubwa

Hilux nyingi za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zinazobeba matoke na matofali hapa Uganda zinatembea na breki mbili badala ya nne. Magurudumu ya mbele yanafanya kazi yote, ya nyuma yanasindikiza tu. Dereva akikanyaga, pua inainama na tairi za mbele zinalia. Kesho yake anapelekwa Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kutafuta diski kubwa na kalipa (vifaa vinavyobana pedi kwenye diski) za gari la V6. Vifaa hivyo vina nafasi yake, na tutavifikia, lakini ukivifunga kwenye gari ambalo breki zake za nyuma zimekufa, umenunua pua itakayoinama zaidi.

Mwongozo huu ni wa Hilux yenye diski mbele, drumu nyuma na springi za majani, iwe na injini ya dizeli ya 2L au 3L au ya petroli ya 22R (hayo ni majina ya injini, si lita). Pikapu nyingine za umri huo zinafuata utaratibu uleule, vipimo ndivyo vinabadilika.

Piga hesabu hii kwanza. Gari lenye mzigo, jumla kilo 2,500, likishuka mita 500 za kimo kwa breki peke yake, joto linalobaki kwenye drumu na diski ni sawa na kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa mara 20 mfululizo. Kona za Kanaba kati ya Kabale na Kisoro, au mteremko wa Fort Portal kwenda Bundibugyo, ni kazi ya aina hiyo. Breki mbili zikigawana joto lililokusudiwa kugawanywa kwa nne, hakuna pedi ya bei yoyote itakayokuokoa.

Jua ugonjwa kabla ya kununua dawa

Tafuta barabara tambarare. Endesha kilomita 5 ukisimama mara kadhaa kama kawaida, kisha egesha na udondoshe maji kidogo kwenye kila drumu na kila diski. Yakichemka mbele na kutulia tuli nyuma, jibu umelipata. Upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, ama ule wa moto unashikilia, ama ule wa baridi haufanyi kazi. Usiguse diski kwa mkono.

Kisha pima pedali, injini ikiwa imezimwa:

1. Kanyaga mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Usiondoe mguu, washa injini. Pedali ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, busta (kifaa kinachotumia vakyumu, yaani mvuto wa hewa, kuusaidia mguu) haipati vakyumu au imetoboka.

2. Kanyaga kwa nguvu ya wastani, ushikilie dakika moja. Pedali ikizama polepole na hakuna tone lolote nje, raba za ndani ya masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) zimechoka.

3. Kama pedali ni laini au iko chini sana, bana mipira mitatu ya breki, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma, kwa kibanio chenye taya laini. Usitumie plaiza, itakata mpira. Pedali ikiwa juu na ngumu, masta ni nzima. Achia kibanio kimoja kimoja. Pale pedali inapoporomoka ndipo penye hewa au viatu (vipande vinavyosugua drumu kwa ndani) vilivyo mbali na drumu. Katika Hilux nyingi pedali huporomoka ukiachia wa nyuma.

Mchezo wa pedali kabla haijaanza kusukuma uwe milimita 3 hadi 6. Usipokuwepo kabisa breki zitajibana zenyewe zikipata joto.

Nyuma: hapa ndipo utakapokaa siku nzima

Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au vigingi, weka gia huru, achia hendibreki, inua nyuma na uweke stendi za chuma chini ya ekseli. Matofali hupasuka bila kutoa taarifa. Lowesha kila kitu kwa maji ya sabuni unapofungua. Vumbi la viatu vya zamani linaweza kuwa na asbesto, na kulipuliza kwa kompresa ni kulisambaza kwenye mapafu ya kila aliye gereji.

Drumu ikigoma, haihitaji nyundo. Ina matundu mawili yenye meno. Ingiza bolti za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Ikiwa ukingo uliochongeka ndani ya drumu unakamata viatu, legeza kwanza ajasta (skrubu inayosogeza viatu karibu na drumu) kupitia tundu la nyuma ya bamba la breki.

Pima kipenyo cha ndani. Drumu ya 4x4 ni milimita 295 ikiwa mpya, mwisho wake 297. Ya magurudumu mawili ni 254, mwisho 256. Mara nyingi kikomo kimeandikwa kwenye drumu yenyewe. Ikizidi hapo haichongwi tena, inatupwa: chuma chembamba hutanuka kwa joto na kukimbia viatu wakati unavihitaji zaidi. Bitana ya kiatu (tabaka linalosugua drumu) ikifika milimita 2, badilisha, na ubadilishe pande zote mbili.

Ukikuta viatu vimelowa, jua kwanza vimelowa nini. Mafuta ya breki ni mepesi na hutoka kwenye silinda ya gurudumu. Inua kifuniko cha mpira cha silinda uone. Mafuta ya difu ni mazito, yana harufu kali ya salfa, na hutoka kwenye sili ya ekseli. Kabla ya kulaumu sili, angalia pumuo la difu juu ya ekseli. Likizibwa na udongo, difu ikipata moto inasukuma mafuta nje kupitia sili, hata iwe mpya ya jana. Kiatu kilicholowa hakisafishiki kwa petroli. Kinaonekana kikavu mezani, kisha kikipata joto mafuta yanarudi juu.

Sasa kwenye chanzo chenyewe cha breki za nyuma kufa. Katika Hilux ya 4x4, viatu hujikaza vyenyewe kila hendibreki inapovutwa. Waya wa hendibreki unavuta mkono mdogo wa chuma ulio nyuma ya bamba la breki, ule wenye umbo la L na kifuko cha mpira, na mkono huo ndio unaosukuma fimbo na kuzungusha ajasta. Kifuko kikipasuka, tope la murramu linaingia, pini inashika kutu, mkono unaganda. Kuanzia hapo viatu vinalika na hakuna kinachovisogeza. Madereva wengi nao hawavuti hendibreki kabisa, wanamtuma taniboi aweke jiwe. Basi kila mwezi pedali inashuka kidogo, fundi anatoa hewa ambayo haikuwepo, na mambo yanabaki palepale.

Fanya hivi:

1. Ng'oa mikono hiyo miwili. Ikigoma, mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha, kisha gonga pini taratibu. Piga msasa pini na tundu lake, paka grisi ya joto kali, weka vifuko vipya. Ukirudisha, uache mwanya usiofika milimita 1 kati ya mkono na bolti yake ya kuzuia.

2. Fungua upande mmoja tu wa viatu kwa wakati, ili ule mwingine uwe kielelezo chako cha springi. Huu si woga. Springi za breki zikikaa kinyume hutaliona kosa mpaka ziruke.

3. Ajasta ya kushoto na ya kulia zina meno yanayokwenda kinyume. Zikibadilishana, kila ukivuta hendibreki unalegeza. Zungusha nyota (gurudumu la meno la ajasta) kwa vidole. Isipokwenda kwa vidole, mkono wa hendibreki hautaiweza.

4. Tazama sehemu za bamba ambapo kingo za viatu hutelezea. Zikiwa na mfereji, kiatu kinanasa humo. Jaza kwa weldingi, saga laini, paka grisi kidogo sana.

5. Kama drumu imechongwa na viatu vimebandikwa bitana mpya, paka chaki ndani ya drumu, funga, kanyaga breki kidogo huku mwenzako akizungusha, ufungue. Chaki ikishika katikati ya kiatu peke yake, mviringo haulingani. Mtu wa bitana asage kiatu kifuate drumu, la sivyo utatembea kilomita mia nyingi na robo ya breki.

6. Funga drumu, zungusha ajasta mpaka drumu ikwame, kisha rudisha nyuma hadi izunguke kwa mkono ikisugua kidogo tu. Vuta hendibreki mara nyingi, ukisikiliza mlio wa ajasta.

7. Waya wa hendibreki unarekebishwa mwisho kabisa. Ukiukaza kwanza ili kuficha viatu vilivyolika, unauvuta mkono kutoka mahali pake na kujikaza kwenyewe kunakufa.

Vali ya mzigo

Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali iliyofungwa kwenye chasisi, ina fimbo na springi inayoshuka hadi ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, ekseli iko mbali na chasisi, vali inapunguza presha ya nyuma ili magurudumu yasikwame. Mzigo ukipakiwa, chasisi inashuka, fimbo inasukumwa juu, na vali inaruhusu presha zaidi.

Karibu kila pikapu ya kazi imeongezewa majani ya springi. Gari limeinuka sentimita 5, pengine 8, na hakuna aliyegusa vali. Upakie tani nzima, yenyewe inaona gari tupu na inanyima nyuma presha palepale unapoihitaji.

Dawa ni rahisi: kama nyuma imeinuka sentimita 5, inua kishikio cha fimbo kilicho kwenye ekseli kwa sentimita 5 hizohizo. Fundi wa Katwe atakutengenezea kipande cha bapa la milimita 6 chenye matundu mawili kwa muda mfupi. Pima kimo kabla ya kuongeza majani kama bado hujaongeza; kama yaliongezwa zamani, linganisha na gari la aina hiyohiyo lenye springi za kiwandani. Fimbo izunguke bila kukwama kwenye pini zake.

Kuna wanaoing'oa vali na kuunganisha paipu moja kwa moja. Gari likiwa limebeba, linasimama vizuri sana. Likirudi tupu kwenye lami iliyolowa, magurudumu ya nyuma yanakwama kabla ya ya mbele na gari linageuka. Usifanye.

Paipu, mipira na mafuta

Angalia kama kuna paipu iliyopondwa kwa nyundo au kuzibwa kwa gololi ili kuzuia uvujaji. Kwenye gari lililopita mikononi mwa watu wengi si ajabu kuikuta. Paipu mpya iwe ya chuma au ya aloi ya shaba na nikeli, kipenyo milimita 4.75, na mdomo wake upigwe mara mbili. Shaba laini ya friji haifai: inachoka kwa mtikisiko na kupasuka kwenye nati. Nati za Toyota ni milimita 10 zenye meno ya 1.0, tumia spana ya nati za paipu inayokumbatia pande nyingi, kwani spana ya kawaida inazila.

Mpira wa breki wenye umri wa miaka 15 huonekana mzima kwa nje. Ndani umevimba, unaruhusu presha kuingia lakini haurudishi, gurudumu linashikilia na kupata moto. Badilisha yote mitatu kwa pamoja. Mipira yenye wavu wa chuma cha pua inafanya pedali iwe imara zaidi, ila isisuguane na kitu chochote. Wavu huo unakata chuma kama msumeno.

Mafuta ya breki yawe DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa. Yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230; DOT 3 ni 205. Yakishafyonza unyevu kiwango kinashuka hadi karibu 155 na 140, na hewa yetu ya pembeni mwa Ziwa Victoria haina uhaba wa unyevu. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kukutana. DOT 5, ile ya silikoni, haichanganywi na hizo. Mafuta ya injini, hata kijiko, huvimbisha kila raba kuanzia masta hadi gurudumu la mwisho, na dawa yake ni kununua raba zote upya.

Kutoa hewa: anza gurudumu la nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, kisha nipo (tundu la kutolea hewa) ya kwenye vali ya mzigo. Huo ni mpangilio wa gari la usukani wa kulia, ambalo masta iko kulia. Weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni. Masta ya zamani ina kutu sehemu ambayo raba hazifiki kila siku. Ukisukuma hadi mwisho unazichana, na siku hiyohiyo masta iliyokuwa nzima inaanza kuzama. Lita moja inatosha kusukuma yote ya zamani nje, mradi usiache kopo likauke katikati.

Vakyumu ya injini ya dizeli

Dizeli haina vakyumu ya kutosha kwenye manifodi, kwa hiyo 2L na 3L zina pampu ndogo nyuma ya oltaneta. Oltaneta ikiungua, watu huweka yoyote inayochaji. Isiyo na pampu, au yenye pampu iliyolika, inakuachia pedali ya mawe. Kagua mpira wa kwenda busta na vali yake ya njia moja: pulizia, hewa ipite upande mmoja tu. Ukikuta oili ya injini ndani ya mpira huo, pampu iko mwisho wa maisha yake, na diaframu ya busta itafuata.

Mwinuko nao una lake. Busta inasukumwa na uzito wa hewa ya nje. Kampala, kwenye mita 1,200, hewa hiyo ni pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko Mombasa. Kabale, karibu mita 2,000, pungufu kwa asilimia 20. Busta iliyochoka kidogo inaweza kusamehewa Jinja na isisamehewe Kisoro.

Mbele

Katika 4x4, pistoni zote nne za kila kalipa zisogee. Ondoa pedi, zuia pistoni tatu kwa vipande vya mbao, mwambie mtu akanyage taratibu uone ya nne, rudia kwa zote. Iliyoganda inatolewa, na kama ina vishimo vya kutu haipigwi msasa, inabadilishwa pamoja na sili. Bolti za kalipa za 4x4 hukazwa kwa Nm 123.

Pedi zina herufi mbili pembeni. Ya kwanza ni mshiko zikiwa za kawaida, ya pili zikiwa za moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G juu yake. Kwa gari la mizigo tafuta FF au zaidi. Isiyo na herufi yoyote irudishe kwa muuzaji, hata akiapa.

Sasa diski kubwa

Kama yote ya juu yako sawa na bado unashuka milima na mzigo kila wiki, kubadilisha diski bapa kwa diski zenye matundu ya hewa katikati kuna maana. Kalipa za Hilux zina alama kwenye mwili: S12W ni pana, ya diski yenye matundu, na hupatikana kwenye 4Runner ya V6. Kwa gari lenye ekseli nzima mbele, diski inayokwenda na S12W ni ya Land Cruiser FJ60. Nunua kalipa kuukuu ukipenda, lakini sili na pedi ziwe mpya. Diski kuukuu ipime kwa venia dhidi ya kikomo kilichochorwa juu yake.

Mambo matatu huwakwamisha watu. Bamba la vumbi linahitaji kukatwa. Paipu fupi ya chuma inabidi ikunjwe upya. Na rimu za inchi 15 za aina fulani zinagusa kalipa, kwa hiyo jaribu rimu, pamoja na ya akiba, kabla hujamwaga mafuta ya breki.

Kalipa kubwa zinameza mafuta zaidi, na pedali itashuka. Masta ya inchi 1 inairudisha juu, lakini kwa gharama: ukitoka inchi 7/8, mguu unahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 31 kupata presha ileile. Kama busta ni ile ndogo ya zamani, simamia 15/16, ambapo ongezeko ni asilimia 15. Fimbo ya busta iguse pistoni ya masta bila kuisukuma. Ikiisukuma hata kidogo, breki zitajifunga ukiwa njiani.

Kuzizoesha na kuzijaribu

Punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 mara kumi, ukiacha nusu dakika kati yake, bila kusimama kabisa. Kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki. Ukisimama na kukandamiza pedi za moto, zinaacha alama kwenye diski na usukani utatetemeka.

Kwenye uwanja wa murramu usio na watu, gari tupu, kanyaga kwa nguvu ukiwa kwenye kilomita 40. Mbele ikwame kwanza. Nyuma ikitangulia, shusha kishikio cha vali kwa sentimita moja na urudie. Pakia, jaribu tena, halafu rudia jaribio la matone ya maji: safari hii nyuma nako kuchemke.

Ukiwa mlimani na pedali ikazama kama sponji, mafuta yamechemka. Ikiwa ngumu na gari halisimami, pedi zimepita joto lake. Kwa vyovyote vile shusha gia, tafuta mahali pa kuegesha, zuia magurudumu kwa mawe na usubiri nusu saa. Usimwagie diski maji, zitapinda au kupasuka. Baada ya kilomita 500 rudi chini ya gari: kaza nati za paipu zilizoguswa, tazama kiwango cha mafuta, na uhesabu milio ya hendibreki kama imebaki ileile ya siku ya kwanza.